Herufi za Papa kwenye Kila Bango

Avenue ya 14, Komini ya Tshopo,
Kisangani.
Tarehe 24 Agosti 2025.

Mpendwa yaya Nicole, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu kwa mikono miwili, wewe na shemeji Désiré na mtoto wenu Aimée. Vumbi la Kolwezi linawatendaje? Mara ya mwisho ulisema Aimée anakohoa kila asubuhi, na kwamba mgongo wako unauma ukisimama muda mrefu hospitalini. Natumaini umeacha kunyanyua wagonjwa peke yako kana kwamba hakuna muuguzi mwingine katika Lualaba nzima. Mtoto mpake mafuta kifuani kama mama alivyokuwa akitupaka sisi. Usicheke, yalitusaidia.

Sisi huku tu wazima wa mwili. Malaria ilimshika mama wiki mbili za Julai, ikamwacha, naye amerudi sokoni na mchele wake na ulimi wake ule ule. Mvua inanyesha. Umeme unatengenezwa pale kwenye maporomoko, karibu kabisa na kwetu, na bado tunausikia kwa majirani tu. Kwa hiyo hapo hakuna jipya.

Barua hii anakuletea Fanny, jirani yetu anayeuza vitenge, ambaye atapita Kolwezi kabla ya mwisho wa mwezi. Nimeandika kwa mkono kwa sababu kila unapopiga simu papa yuko karibu, na haya si maneno ya kusema akiwa anasikia. Tena sitaki yaishie kwenye lile kundi la familia ambako uliweka picha yangu nikiwa na joho, ukaandika "Tumeshinda", watu wakamimina makofi siku nzima. Umeniuliza mara tatu kwa nini sikujibu hata asante. Leo nakujibu, na uniwie radhi kama jibu ni chungu.

Ndiyo, nimepata shahada. Miaka mitatu ya kusomea graphisme, yaani kubuni matangazo, nembo, majalada ya vitabu na herufi zenyewe, imekwisha, tena nimepita na distinction, alama za juu. Wewe ndiye uliyeniambia niachane na brashi na mikebe ya rangi ya papa, nikasome mambo ya kisasa. Nikakusikiliza. Sikulaumu kwa hilo. Hapana, yaya, nakulaumu kidogo, tusidanganyane, ila mzigo mkubwa ni wangu mwenyewe.

Mwaka wa mwisho kila mwanafunzi hutengeneza kazi yake na kuitetea mbele ya jury, yaani baraza la walimu. Wenzangu walibuni nembo za maji ya chupa na za timu za mpira. Mimi nilichagua herufi za papa. Unajua jinsi alivyoanza: alipotoka Kindu akiwa kijana, aliandika majina kwenye baleinière, zile boti kubwa za mbao zinazopanda na kushuka mto, na baadaye ndipo akahamia kwenye kuta za maduka, saluni na makanisa. Herufi zake zinalala nyuma kidogo. R yake inanyoosha mguu kama mtu aliyekaa mkekani. Mjini hakuna mwingine aliyekuwa akiandika hivyo.

Nilizunguka nikipiga picha kuta zake na boti zake, kisha nikazichora herufi moja moja kwenye kompyuta, kubwa na ndogo, tarakimu, alama, hata ile nukta yake ya pembe nne. Miezi minane. Zikawa fonti, yaani seti ya herufi inayokaa ndani ya mashine: ukibonyeza R, inatoka R ya papa. Nikaipa jina lake, Ruphin. Papa sikumwambia kitu. Nilitaka siku ya kutetea akae kiti cha mbele, aone jina lake na mkono wake ukutani, wakubwa wote wakitazama. Nilikuwa namwandalia zawadi, yaya, ndiyo maana nilificha.

Mwezi wa Machi kompyuta yangu ilikufa na picha zote za kuta na za boti. Fonti ilibaki kwenye flash. Cyprien, mwenye duka la uchapaji karibu na soko kuu, ana jenereta na ile mashine ya kuchapa bâche, yale maturubai ya plastiki ambayo siku hizi kila duka linatundika mlangoni. Aliniruhusu nitumie kompyuta yake asubuhi kabla ya wateja, nami nikamsaidia kupanga kadi zake za harusi. Ili nione fonti yangu inasomeka vipi ikichapwa, ilibidi niiweke ndani ya ile kompyuta. Nikaiweka, nikachapa kurasa zangu, nikaenda zangu nyumbani. Sikuiondoa.

Kosa langu ni hilo, na ndilo lote. Hakuna mwizi wala dirisha lililovunjwa. Darasani tulifundishwa haki za mbunifu, na mtihani wake nilipata kumi na saba kwa ishirini. Kisha nikauacha mkono wa baba yangu kwenye mashine ya watu, kama mwavuli uliosahauliwa kanisani.

Cyprien alipofungua orodha ya herufi zake akaona kuna Ruphin. Akaijaribu kwenye bâche ya matanga, familia ikaipenda, aliyefuata akataka hivyo hivyo. Fundi mwenzake wa Mangobo akamwomba, akampa kwenye flash, na yule akampa mwingine. Huku kwetu kilicho ndani ya mashine ni cha wote. Kufika Mei, maandishi ya papa yalikuwa kwenye duka la dawa, kwenye shule ya ushonaji, kwenye matangazo ya ndoa na ya vilio, toka Makiso mpaka karibu na uwanja wa Simi-Simi. Nilimwendea Cyprien kwa hasira. Masikini alishangaa kwa moyo mweupe kabisa. "Mi nilizani iko tu ndani ya machine, na zingine," akasema. "Lettre, hii herufi, inakuwaka ya mutu?"

Fikiria, miaka mitatu ya masomo, nami nikageuka nikatoka dukani kwake.

Papa aligundua kwa macho yake. Adhuhuri moja alirudi nyumbani bila kuvua viatu, akasimama uani na kumwambia mama, "Kuko mutu anaandika na mukono yangu." Alikuwa ametembea nusu ya mji akishika yale maturubai kwa kidole, moja baada ya jingine. Alidhani ni kijana fulani aliyemfunza kazi zamani. Kisha akanigeukia mimi. "Weye njo unasomaka hii mambo. Unitafutie huyu mutu."

Nikamwambia, ndiyo papa, nitamtafuta. Yaya, nilisema hivyo nikimtazama usoni. Wiki iliyofuata akaniuliza nimefika wapi, nikamjibu huenda ni watu wa Kinshasa. Akatikisa kichwa, akasema Kinshasa ni mbali. Kikulacho ki nguoni mwako, na hapa kwetu mimi ndiye niliyekuwa nikizifua hizo nguo kila Jumamosi.

Wateja wakapungua, maana nani atasubiri siku mbili rangi ikauke wakati Cyprien anakupa maandishi yale yale kabla hujamaliza chai yako? Lakini kilichomuumiza papa hasa kilitokea Juni. Mchungaji mmoja wa Mangobo, mtu wa zamani, mwaminifu, alimwagiza kibao cha kanisa. Papa alikiandika kwa moyo wote. Mchungaji akakitazama, akacheka kwa upole: "Papa Ruphin, ata weye sasa unaiga machine? Basi tungeenda tu kwa machine."

Papa alilipokea lile neno akarudi nalo nyumbani. Aliketi kwenye kigoda akisafisha brashi ambayo tayari ilikuwa safi. Mama akamuuliza kuna nini, akasimulia mara moja tu, bila hasira, kisha akaomba maji. Miaka arobaini na kitu anaandika, na leo anaambiwa anaiga. Mimi nilikuwa ndani, nyuma ya pazia, nikiandaa maneno ya kuieleza jury jinsi kazi yangu inavyomheshimu baba yangu.

Siku ya kutetea ilikuwa tarehe kumi na sita Julai. Nashukuru ile malaria ya mama, kwa sababu papa alibaki nyumbani kumwangalia. Nilionyesha ukurasa wa kwanza tu. Profesa Célestin, mwenyekiti wa jury, akavua miwani. "Mademoiselle, hii lettre naionaka kila siku, kwa pharmacie ya pembeni ya nyumba yangu. Tena kwa bâche ya matanga ya bokilo yangu, ndugu ya bibi yangu. Weye ulichangia nini?"

Nilieleza. Nilisema ni mkono wa baba yangu. Akasema kwa sauti ya kunihurumia kwamba baba yangu, kama mafundi wengine wa mjini, yawezekana anaziiga kutoka kwenye kompyuta. Lile neno la mchungaji, sasa limevaa tai. Msimamizi wangu, aliyeona michoro yangu ya kwanza, yuko Kinshasa tangu Februari na jumbe zangu hazisomi. Picha zilikufa na kompyuta. Kuta nyingi za papa zimepakwa chokaa upya. Cyprien nilimsihi aje kunitolea ushahidi, akakataa: "Nikienda kule batasema njo mi niliiba." Jury ikanipa wiki mbili nilete uthibitisho, nikikosa, mwaka unarudiwa na jina langu linaandikwa kuwa nimeiba kazi ya mtu.

Basi yaya, uliponiandikia wiki ile "usiogope, papa na mama wako nyuma yako", hukujua unachochea nini. Uthibitisho uliobaki duniani ulikuwa mmoja, unakula kwenye meza moja na mimi. Ili aje kuniokoa ilibidi kwanza nimwambie kwamba yule mtu aliyekuwa akimtafuta ni mimi.

Nilikaa siku kumi. Siku ya kumi na moja, Jumapili baada ya misa, mama alikuwa ameponda ndizi za lituma na kukaanga samaki aliyetoka kwa wavuvi wa Wagenia asubuhi ile. Nilisubiri papa anawe mikono. Kisha nikasema yote: fonti, Cyprien, uongo wangu wa Kinshasa, jury. Mama akapiga kelele akiniita kwa jina la nyumbani, "Salima! Weye? Mutoto ya tumbo yangu?" akaacha sahani yake akatoka. Papa hakuacha kula. Alimaliza kile kipande cha samaki, akatoa mfupa mdomoni akauweka pembeni ya sahani. Ningefurahi angenipiga, na wewe unajua papa hajawahi kutupiga.

Mwishowe akauliza, "Jury ni saa ngapi?"

Nikamwambia ni Jumatano, saa nne za asubuhi. Akasema, "Utanitafutia triplex. Ya kukonda." Triplex ni ile mbao nyembamba ya madari. Nikampatia, akashukuru kama mtu anavyomshukuru muuza duka.

Jumatano alivaa koti lake la kahawia, lile la ndoa yako. Alibeba mkebe mmoja wa rangi nyeusi, brashi mbili na ile mbao kwapani. Wanafunzi mlangoni walifikiri amekuja kutengeneza darasa. Profesa Célestin alimpa kiti, papa akakataa, akauliza aandike nini. Wakasema aandike lolote. Akaweka mbao juu ya meza ya jury, akakunja mikono ya koti na kuandika bila kupiga mstari wala kupima: MUNGU ANAJUA. Ni jina la boti, huenda aliliandika mara mia maishani mwake. Ilimchukua muda mfupi kuliko mimi kuwasha kompyuta.

Zilikuwa herufi zile zile, zimelala vile vile. Mmoja wa jury akasema vizuri, lakini hilo halionyeshi nani alimuiga nani. Papa akaiinua ile mbao na rangi yake mbichi, akaikandamiza kwa goti hadi ikapinda kifua mbele kama ubavu wa boti, akarudi nyuma nayo hatua nne tano. Yaya, herufi zikasimama. Zote zilisimama wima, hakuna hata moja iliyolala. "Ubao ya baleinière haiko droit, inapinda," akasema. "Ukiandika droit, ya kusimama, mutu ya kwa ng'ambo anaona inaanguka. Njo maana nazilalisha." Kisha akaongeza, na hapo ndipo sauti yake ilipokwaruza kidogo, "Hii banaandika kwa bâche iko mubaya. Bâche iko plat, haina kupinda. Kwa bâche haipashwi kulala. Mutu mwenye kuelewa kazi hangeweza kufanya vile."

Mimi ndiye niliyefanya vile. Miezi minane nimezichora zile herufi, nimepima mlalo wake kwa vipimo, nikaandika kurasa ishirini nikiuita roho ya mji. Sikuwahi kumuuliza kwa nini zinalala. Na walimu wangu wote, hata yule wa Kinshasa, hakuna aliyeniambia nikamuulize.

Jury walinong'onezana, wakanipa distinction papo hapo. Wakampongeza papa, wakamwita msanii. Tulipokuwa tunakusanya vitu, Profesa Célestin akatufuata mpaka kwenye kizingiti akiwa na flash mkononi, anatabasamu. Binti yake anaolewa Oktoba, akasema, na zile herufi zingependeza kwenye kadi. Je, ningeweza kumnakilia?

Nilimtazama papa. Nilitaka aseme hapana, ili na mimi niseme hapana kwa mara ya kwanza. Akaweka mkebe chini.

"Priscille," akasema, "mupatie professeur kile anaomba."

Nikampa. Tukarudi nyumbani kwa miguu, yeye mbele na mbao yake, mimi nyuma na kompyuta ya kuazima. Ile picha ya joho uliyoiweka kwenye kundi ilipigwa dakika chache kabla ya hapo, na aliyeipiga ni mwenzangu wa darasa. Ukiitazama vizuri utaona papa hayumo.

Sasa kazi. Kila mtu anauliza kazi. Nimepeleka karatasi zangu kwenye mashirika manne na kwenye redio moja, kimya. Aliyenijibu ni mmoja, Cyprien. Anataka mtu wa kukaa kwenye mashine yake kwa sababu wateja wamezidi. Maduka hayamwiti papa tena. Baleinière bado hazivalishwi plastiki, namshukuru Mungu, lakini boti mpya haziundwi kila mwezi, na mchele wa mama hauwezi kutulisha wote. Nimekubali, naanza Jumatatu. Ameniambia mteja wa kwanza ni yule mchungaji wa Mangobo, amechoka na kibao cha rangi.

Hili la mwisho ndilo lililonifanya niandike, mengine yote ungeyasikia kwa watu. Unajua papa hajawahi kuniita kwa jina. Nilipewa jina la marehemu mama yake, Salima, na mtu hamwiti mama yake mzazi kwa jina, basi tangu nikiwa mgongoni mimi kwake ni "mama yangu". Mama yangu lete maji, mama yangu umekula? Hata kwenye karatasi ya shule ya msingi aliyotia sahihi aliandika hivyo, mwalimu akamcheka. Siku ya jury ilikuwa mara ya kwanza kulisikia jina langu la karatasi mdomoni mwake. Nilidhani ni kwa sababu ya wale wakubwa. Leo ni wiki ya nne. Asubuhi anasema, "Priscille, ulilala muzuri?" kwa adabu, kama kwa mpangaji, na mimi naitikia.

Kwa hiyo usinipongeze tena, na ile picha iondoe. Wala ukimpigia papa usiniombee msamaha, nimeuomba mwenyewe na amenijibu kwamba hakuna neno, yamekwisha. Nisaidie jambo moja tu, wewe mkubwa anayesikilizwa. Mwambie anigombeze. Mwambie apige kelele uani mpaka majirani wa Avenue ya 13 wasikie, anitukane kama anavyotaka, mimi nitakaa pale pale.

Msalimie sana shemeji Désiré, umbusu Aimée mashavu yote mawili. Mama anawasalimu, anauliza kama kile kitenge cha buluu kilifika. Papa naye angewasalimu, ila hajui kama naandika. Mungu awafunike na mkono wake huko mliko, awatulizie kifua cha mtoto na mgongo wako, atukutanishe tukiwa hai wote.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata ninapokulaumu,

Priscille